Vocha humfikisha mtoto mlangoni tu

Jumatatu ya kwanza ya muhula, Januari 2024, nilitoka nyumbani kwangu South B asubuhi na mapema kwenda kununua sukuma wiki. Mama mboga wetu alikuwa tayari amepanga nyanya zake mafungu mafungu. Chini ya meza, juu ya gunia, alikuwa ameketi bintiye wa miaka minne na nusu akihesabu vitunguu kwa namna yake mwenyewe: moja, mbili, nne, tisa. Barabarani, watoto wa mtaa wetu walikuwa wakipanda mabasi ya shule, sare zimepigwa pasi, mikoba migongoni. Yule mtoto akanyamaza, akawatazama hadi basi la mwisho lilipopinda kona. Kisha akaanza upya: moja, mbili, nne, tisa.

"Huyu naye ataanza shule lini?" nikauliza.

Mamake hakuinua uso. "Akifika umri wa Gredi ya Kwanza, Mama. Huko hakuna karo. Nasari ndiyo yenye karo."

Msomaji, jibu hilo lilinikera moyoni siku nzima, na lililonikera zaidi ni kwamba alisema kweli. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka wa 2003, chekechea iliachwa nje. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na sheria ya elimu ya 2013 inaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu hiyo. Katiba hiyo hiyo iliikabidhi chekechea kwa serikali za kaunti. Kaunti zimejenga madarasa na kuajiri walimu, na kwa hilo tuzipongeze. Lakini mwulize mzazi wa Mukuru ni wapi anapompeleka mwanawe wa miaka minne, na mara nyingi atakuonyesha chumba cha mabati cha mtu binafsi, ambako karo hulipwa kila mwezi, na asiyelipa hurudishwa nyumbani kabla ya saa ya uji.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Huyu wetu alikuwa akikaukia chini ya meza ya nyanya, hatua ishirini kutoka lango langu.

Usiku huo nilikumbuka karatasi niliyoiona London miaka mingi iliyopita.

Septemba 1996 mwajiri wangu alinipeleka Uingereza kwa kozi ya uhasibu ya mwaka mmoja. Nilikaa kwa binamu yangu, muuguzi aliyekuwa amefanya makao huko, katika nyumba ndogo ya vyumba viwili huko Tooting, kusini mwa jiji, eneo la halmashauri ya Wandsworth. Yeye alifanya kazi zamu ya usiku. Kijana wake alikuwa ametimiza miaka minne kiangazi hicho, na kazi ya kumpeleka na kumrudisha kutoka shule ikaniangukia mimi, Anti yake kutoka Nairobi, katika baridi ambayo sikuwa nimewahi kuisikia katika mifupa yangu.

Mezani mwa binamu yangu ndipo nilipoiona vocha ya chekechea kwa mara ya kwanza. Ililetwa na posta, kama barua nyingine yoyote. Serikali ya John Major ilikuwa imeanza mpango huo Aprili 1996 katika maeneo manne ya majaribio: Norfolk, Westminster, Kensington na Chelsea, na hapo kwetu Wandsworth. Kila mtoto wa miaka minne alitengewa hati za thamani ya pauni 1,100 kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikaribia shilingi laki moja za Kenya. Mzazi aliipeleka hati shule aliyoipenda, iwe ya serikali, ya mtu binafsi au kikundi cha akina mama katika ukumbi wa kanisa, almuradi imekubaliwa katika mpango. Shule nayo iliigeuza hati kuwa pesa.

"Yaani serikali inakuandikia hundi, nawe unachagua?" nilimwuliza binamu yangu kwa mshangao.

"Ndivyo wanavyosema," akanijibu, akivua viatu vyake vya kazi. "Ngoja uone."

Nikangoja, nikaona. Kwanza, binamu yangu alikuwa anahitaji shule ya siku nzima ili apate kulala baada ya zamu. Hati ilitosha nusu siku tu. Shule za binafsi za siku nzima zilidai nyongeza ambayo mshahara wa muuguzi haukuweza kuibeba. Mtaa wa pili aliishi mama mmoja mwenye nyumba kubwa, aliyekuwa akimlipia mwanawe shule kama hiyo tangu zamani. Yeye alipokea hati ile ile ya pauni 1,100, akaitoa katika karo aliyokuwa akiilipa bila shida, na maisha yakaendelea. Serikali ilikuwa imempa punguzo mtu ambaye hakuliomba, na yule aliyekuwa na haja akabaki na nusu siku.

Pili, na hili ndilo lililoniuma, kijana wetu alikuwa akienda katika kikundi cha watoto kwenye ukumbi wa kanisa. Palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa na funguo za ukumbi, sanduku la rangi na brashi, na subira isiyo na mwisho. Watoto walimpenda. Mwezi wa kwanza wa 1997 wazazi walianza kupata barua kutoka shule ya msingi iliyo karibu: kuna nafasi kwa watoto wa miaka minne sasa hivi, na asiyemleta mapema asije akashangaa kukosa nafasi baadaye. Sababu haikuwa siri. Serikali ilikuwa imezikata halmashauri fedha kwa kila mtoto wa miaka minne na kuzigeuza hati, na shule iliyotaka fedha hizo zirudi ilibidi iwavute watoto wenye hati mikononi. Wazazi wakaingiwa na hofu. Mmoja mmoja wakawahamisha watoto wao. Kikundi kile hakikuweza kuishi kwa watoto wa miaka mitatu peke yao, na kufikia Pasaka ukumbi ulikuwa umefungwa. Nakumbuka nikimshika kijana wetu mkono mbele ya mlango ule, naye akiniuliza kwa Kiingereza chake cha Tooting mwalimu wake amekwenda wapi. Mambo kama hayo yalisikika kutoka sehemu nyingine za maeneo yale ya majaribio.

Aprili 1997 mpango ulienezwa Uingereza nzima. Mei mosi ukafanyika uchaguzi, chama cha Labour cha Tony Blair kikashinda kwa kishindo, na vocha zikafutwa kiangazi hicho hicho. Serikali mpya haikuondoa pesa za watoto. Iliahidi kila mtoto wa miaka minne nafasi ya bure ya nusu siku, ahadi iliyotimia Septemba 1998, na mwaka wa 2004 watoto wa miaka mitatu wakaongezwa. Fedha ziliendelea kumfuata mtoto, ila kwa kupitia halmashauri, bila mzazi kubeba karatasi.

Huenda msomaji ukaniuliza: ikiwa uliyaona hayo yote, kwa nini uliikumbuka vocha kwa wema? Nilikuwa na sababu. Siku ile hati ya kwanza ilipofika, binamu yangu aliishika kwa mikono miwili, akacheka, akasema, "Kwa mara ya kwanza katika nchi hii, shule ndiyo itakayonibembeleza." Miaka karibu ishirini na minane baadaye kicheko kile kilinirudia nilipomwona mama mboga akikwepa macho yangu.

Nina chama cha akina mama kumi na wawili hapa mtaani. Tulianza kwa kununuliana sufuria, tukafika kwenye mikopo ya karo za watoto wetu, na sasa wengi wetu ni mabibi wenye wajukuu. Februari ile niliweka hoja mezani: kila mmoja wetu atoe shilingi elfu moja kwa muhula. Hizo ni elfu kumi na mbili, nazo zitatoa hati sita za shilingi elfu mbili. Tuwape akina mama sita wa Mukuru wenye watoto wa miaka minne na mitano. Kila mama achague shule, aipeleke hati, na mwalimu mkuu ailete kwa mweka hazina wetu alipwe.

Wenzangu walikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Mama mboga naye hakuhitaji kuelezwa sana. Kifungua mimba wake alizaliwa kwa hati. Kuanzia 2006 serikali yetu, kwa msaada wa Wajerumani, ilikuwa na mpango wa hati za uzazi katika Kisumu, Kitui, Kiambu na mitaa ya Korogocho na Viwandani hapa Nairobi. Mama maskini alinunua hati kwa shilingi 200, akahudumiwa ujauzito wake wote hadi kujifungua, hata kama angehitaji kupasuliwa, katika hospitali aliyoichagua mwenyewe kutoka kwa zile zilizokubaliwa. "Ile karatasi ilinifanya niketi kwenye benchi moja na wake wa matajiri," aliniambia.

Basi tukachapisha hati zetu katika duka la fotokopi, tukazipiga muhuri wa chama, na mwezi wa Machi watoto sita wakaingia shule. Yule binti alipita langoni kwangu akiwa na sweta iliyomfika magotini, ameishika hati yake kama anayebeba yai.

Mgala muue na haki yake mpe. Nitayasema kwanza mema ya hati.

Aprili na Mei mwaka huo mvua ilinyesha Nairobi kama ambaye hatajua tena kunyesha. Mto Ngong ulifurika. Shule ziliahirishwa kufunguliwa hadi Mei 13. Kisha yakaja matingatinga ya serikali kubomoa nyumba zilizokuwa kando ya mto, na Mukuru ikageuka uwanja wa mabati yaliyokunjika na magodoro yaliyoloa. Watoto wetu watatu kati ya sita walihamishwa pamoja na wazazi wao. Shule mbili tulizokuwa tukizilipa hazikuonekana tena mahali pake. Lau tungekuwa tumewalipa wenye shule karo ya mwaka mzima, pesa zetu zingekwenda na maji. Lakini hati ilikuwa mkononi mwa mama. Wawili kati ya wale watatu walihamia upande mwingine wa mtaa, wakatafuta shule mpya huko, na watoto wakaketi darasani Juni bila kuulizwa maswali. Siku hiyo nilijiona mwerevu sana.

Werevu wangu ulidumu majuma mawili.

Mwisho wa Juni mimi na katibu wetu tuliamua kuzizuru shule bila kupiga hodi ya simu. Katika ya kwanza tulimwuliza mwalimu mkuu kuhusu mtoto wetu mmoja, yule wa tatu katika waliobomolewa nyumba. Akasema yuko darasani, anaendelea vizuri. Tukaomba kumwona. Mara yuko msalani, mara ametumwa chaki, mara leo ana homa. Jirani mmoja ndiye aliyetupa ukweli: mamake alirudi mashambani Magharibi mwezi wa Mei, baada ya kubomolewa, na mtoto alikwenda naye. Hati yake, iliyoachwa shuleni kwa muhula mzima, ilikuwa imekwisha kuletwa kwa mweka hazina na kulipwa. Tulikuwa tukimsomesha mtoto asiyekuwapo.

Katika shule ya pili tuliambiwa karo imepanda. Ilikuwa elfu mbili; sasa ni elfu mbili na mia sita, na zile mia sita mzazi ajaze. Nilipouliza sababu, mwenye shule alisema bila haya kwamba wazazi wale sasa wana wafadhili. Hapo nikamkumbuka binamu yangu na nyongeza zake za Tooting.

Shule ya tatu ndiyo aliyosoma binti wa mama mboga. Mamake aliichagua kwa kuwa ilikuwa na lango lililopakwa rangi na picha ya ndovu ukutani. Ndani ya chumba kimoja tulihesabu watoto sitini na wanne. Mwalimu alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, sauti imekauka, fimbo mkononi, na alitunong'onezea kuwa hajalipwa kwa miezi miwili. Wa kwetu alikuwa amebanwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Nikainama, nikamwambia, "Nihesabie, mwanangu."

Akanitazama, akatazama ile fimbo, akasema kwa sauti ya chini: "Moja, mbili, nne, tisa."

Nilitoka nje nikasimama kando ya mtaro. Katibu wetu, ambaye hanyamazi hata kanisani, hakusema neno hadi tulipofika barabara kuu.

Tulikuwa tumelipa karo. Tulikuwa na stakabadhi. Mtoto alikuwa na sare, na katika daftari letu alihesabiwa kuwa amefaulu kupata elimu. Kumbe tulichokuwa tumemnunulia ni ruhusa ya kupita langoni. Chini ya meza ya mamake angalau alikuwa na vitunguu vya kushika.

Mkutano wa chama wa Julai ulikuwa moto. Mweka hazina alitaka tuache kabisa. Mwingine akasema tuwapuuze akina mama, tuchague shule moja sisi wenyewe na kuilipa moja kwa moja, maana wazazi hawa, alisema, huchagua lango na picha ya ndovu. Tukamwita mama mboga atoe maoni yake. Alisimama karibu na mlango, leso amejifunga kiunoni.

"Akina mama, asanteni," alisema. "Mkitaka kuacha, acheni. Lakini msije mkaniondolea karatasi mkawapa wenye shule. Nikienda bila karatasi, yule mwalimu mkuu huongea na mimi akiwa anatazama simu. Nikienda nayo, hunipa kiti. Tatizo langu ni kwamba mimi sikusoma nasari. Sijui nasari nzuri ni ipi. Nilichagua ile yenye rangi. Nionyesheni cha kutazama, nitatazama."

Nakwambia msomaji, katika kozi yangu yote ya uhasibu sikufundishwa somo lililonyooka kama hilo. Sisi tulimpa uwezo wa kuchagua bila kumpa habari za kuchagulia, kisha tukamlaumu kwa uchaguzi wake.

Nilipopata nafasi nilisoma zaidi juu ya mpango kama huu mahali pengine. Hong Kong ilianza vocha za chekechea katika mwaka wa shule wa 2007 hadi 2008. Kila mtoto alipewa dola 13,000 za huko. Lakini wao waliweka masharti mapema: hati ilikubaliwa katika shule zisizotafuta faida, karo ziliwekewa kikomo, shule zilikaguliwa, na katika zile 13,000, kiasi cha 3,000 kilitengwa kwa mafunzo ya walimu. Kwa maneno mengine, sehemu ya hati ilikuwa ya mtu asimamaye mbele ya darasa. Na hata hivyo, mwaka wa 2017 waliachana na vocha na kuanza kuzilipa chekechea zenyewe moja kwa moja, ili shule iweze kupanga mishahara na vyumba. Hati zetu za uzazi za Viwandani nazo zilikuwa na busara hiyo: hospitali ilikubaliwa kwanza ndipo mama akapewa orodha ya kuchagua.

Sisi tulifanya kinyume. Tuligawa hati kwanza, ukaguzi tukaukumbuka baadaye.

Basi tukatunga orodha fupi, ya lugha nyepesi, ambayo mama yeyote angeweza kuishika kichwani. Je, mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Wakizidi thelathini na watano, ondoka. Je, mwalimu amesomea kufundisha watoto wadogo, na amelipwa mwezi uliopita? Mwulize yeye, usimwulize mwenye shule. Je, kuna choo ambacho mtoto wa miaka minne anaweza kukitumia bila kuogopa? Je, kuna maji na uji? Je, unaruhusiwa kuingia saa yoyote bila kubisha? Na kuanzia muhula wa tatu tuliikata hati vipande vitatu, kila mwezi kipande chake, kikilipwa baada ya mama kuthibitisha kuwa mtoto alikuwapo. Mwenye kuongeza karo katikati ya mwaka, hati zetu hazimhusu tena.

Akina mama watano waliobaki walizunguka na orodha hiyo katika shule tisa. Nilikwenda nao siku mbili, nikashangaa jinsi mama mboga alivyokuwa akiwahoji wenye shule kama wakili. Katika zile tisa, zilizofaa zilikuwa mbili, na katika hizo mbili nafasi zilikuwa nne. Mtoto wa tano tulimhangaikia hadi mwaka uliofuata.

Na hapo, msomaji, ndipo nilipofika kwenye ukuta ambao chama cha wanawake kumi na wawili hakiwezi kuuvuka. Hati inaweza kumsaidia mzazi kuchagua kati ya shule zilizopo. Haiwezi kuchimba msingi, wala kumsomesha mwalimu, wala kumlipa wakati ambapo watoto wamepungua. Tungechapisha hati mia moja, nafasi njema zingebaki nne. Zilizosalia zingekwenda kwenye rangi na picha za ndovu.

Kila baada ya muda huzuka mtu wa kusema kwamba dawa ya chekechea zetu ni serikali kuwapa wazazi fedha mkononi, ama kwa hati, ama siku hizi kwa simu, kisha soko lijitengeneze. Sitambishia moja kwa moja, kwa kuwa nimeona hadhi ambayo karatasi ile ilimpa mama mboga, na nimeona ilivyowaokoa watoto wawili wakati wa mafuriko. Lakini nitamwuliza maswali matatu. Kiti kiko wapi? Nani atafundisha, naye atalipwa nini? Na nani atakayeingia darasani bila kutangaza, ahesabu vichwa? Akinijibu yote matatu, hati na ije. Asipoweza, basi afadhali fedha hizo zianze kwa kujenga chumba na kumwajiri mwalimu wa kudumu karibu na wanakoishi watoto, kazi ambayo Katiba imekwisha kuwapa wakubwa wa kaunti zetu.

Nasi wazazi wa mitaa yenye mabasi ya shule tusijidhanie kuwa hili halituhusu. Wangapi wetu tumechagua shule kwa sababu ya lango, sare na lafudhi ya mwalimu mkuu? Orodha ya mama mboga niliipeleka kwa binti yangu, anayemlipia mjukuu wangu kwa muhula mmoja pesa ambazo zingesomesha watoto ishirini wa Mukuru. Alikwenda shuleni siku ambayo hakutarajiwa. Sitasema alichokikuta, itoshe kwamba mjukuu alihama.

Aprili 2025, muhula wa kwanza ulipokuwa ukifungwa, mama mboga alinijia na bintiye jioni kuleta kipande cha mwisho cha hati kwa ajili ya sahihi. Mtoto alikuwa sasa PP2, sweta imemfika kiunoni. Nilimwekea vitunguu mezani kwangu, nikamwambia anihesabie. Akavitazama, kisha akanitazama mimi kama mtu anayeulizwa swali la watoto wadogo.

"Viko kumi na viwili," akasema, "na kimoja kimeoza."

Mamake akacheka hadi akaketi. Nikaichukua hati nimpe mama atie sahihi, lakini mtoto akainyoosha mikono yake, akaomba kalamu. Pale palipoandikwa mzazi, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka kama njia ya mlimani, aliandika jina lake mwenyewe. Mweka hazina wetu ni mkali kwa mambo ya sahihi. Hiyo aliikubali.